Mabua ya Mzee Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa, maana nilidhani kazi ya serikali ni ya kukaa mezani. Msimamizi wa shamba la majaribio pale Kitale aliniangalia juu hadi chini, akanipa uma wa kuchotea samadi, akanionyesha lundo lililokuwa likifuka mvuke. Kufikia mchana kaptula ilikuwa imesahau rangi yake. Msimamizi akachota konzi ya mbolea, akaniletea puani.

"Nusa. Inanuka nini?"

"Inanuka mavi, Bwana."

"Basi bado. Ikianza kunuka udongo ulionyeshewa, niite."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya ualimu wa kilimo. Nyinyi vijana mnanunua mbolea kwenye gunia na kuinyunyiza kama chumvi. Sisi tuliipika. Tulitandika mabua na majani makavu, juu yake samadi, juu yake majivu na udongo kidogo, tukamwagia maji, tukaanza tabaka jingine. Katikati ya lundo tulichomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa kikiwa na joto, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, kuna mtu amekwepa kuteka maji. Tulijifunza pia matandazo, yaani kufunika ardhi katikati ya mistari ya mahindi kwa majani na mabua, ili jua lisinyonye unyevu na mvua isibebe udongo. Na tulikatazwa kufukia mabua makavu wakati wa kupanda, kwa kuwa udongo hujishughulisha kwanza kuyaozesha, na mahindi yakabaki ya manjano kwa njaa.

Kutoka hapo nilipelekwa Endebess, chini ya Bwana Msaidizi wa Kilimo, mtu mpole aliyewapenda mbwa wake kuliko sisi. Sina mengi ya kusema kuhusu Endebess. Udongo ulikuwa mzito, mvua ya mlima haikuwa na choyo, na masetla, wale walowezi wa Kizungu, walichoma mabua kila baada ya mavuno. Tukiwakataza walitucheka. Mahali pa namna hiyo mwalimu wa kilimo hana la kufanya ila kunenepa, nami nilinenepa.

Halafu nikahamishiwa upande wa Sirisia, kule mteremko wa chini ambako ardhi ni mchanga na mawe, na mvua hukatika mahindi yakikaribia kutoa ndevu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Afisa wa Kilimo, Mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Kilimo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya masetla.

"Wewe natengeneza shamba moja ya kuonyesha watu," aliniambia. "Kama mahindi nakufa, wewe narudi Kitale kushika uma."

Aliyekubali kutupa shamba ni Mzee Wafula, mzee wa kanisa. Jina lake hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, nami nilimtania kwamba mvua ilimpa jina ikaenda zake. Ng'ombe wake walikuwa wamemalizwa na maradhi. Yeye, mkewe Mayi Nekesa na watoto wao waliishi kwa shamba lile tu, na kila msimu majirani walimlimia kwa plau zao za ng'ombe, hasa Makokha, aliyekuwa na kundi kubwa.

Tulipomaliza kuvuna msimu wa kwanza nikamwambia asiguse mabua, ndiyo matandazo yetu. Asubuhi nikakuta ng'ombe wa Makokha ndani, wanakula kwa raha zao. Mimi nilikulia kwenye mashamba ya masetla, ambako kila kitu kimezungushiwa waya. Sikujua kwamba huko Sirisia, mavuno yakiisha, shamba ni la ng'ombe wa wote na hakuna anayebisha hodi. Nikamwambia Mzee Wafula azungushe miiba. Alisitasita, akazungusha.

Makokha akaja akasimama nje ya miiba. "Papa Wafula, huu uzio ni wa kuzuia nani?"

Mzee akanigeukia. Nikajibu mimi, Bwana Shamba wao, kwa kiburi cha cheo: "Ni wa kuzuia ng'ombe. Mabua haya ni chakula cha udongo."

"Ati chakula cha udongo? Sawa, Bwana Samba. Basi udongo na ujirime wenyewe."

Nilicheka. Sikucheka tena mawingu yalipoanza kujikusanya. Katika kila shamba zilisikika filimbi na kelele za kuswaga maksai, ila la Mzee Wafula. Hakuna plau iliyokanyaga pale. Mayi Nekesa na watoto walikuwa wanalima kwa jembe la mkono ardhi iliyokauka kama tofali, na walichomaliza kwa wiki kisingeweza kuwalisha hata mwezi. Hapo ndipo nilipoogopa, maana njaa ile ingekuwa kazi yangu.

Bwana Kilimo alipofika nikamweleza. Akawa mwekundu. "Nani nakataa kulima? Chifu naleta askari. Mimi nafunga yeye!"

Nasema kweli, nilifurahi. Lakini Mzee Wafula alivua kofia, akasema, "Hapana, Bwana. Asifungwe mtu kwa ajili ya samba rangu."

Gari lilipoondoka nikamfokea kwamba ameukataa msaada. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Bwana Samba," akasema, "wewe utahamiswa. Mimi nitazikwa hapa. Ukienda, nani atanirimia? Na siku ya kuzikwa, nani atanibeba?"

Nilikuwa nimefundishwa udongo, sikuwa nimefundishwa majirani.

Kesho yake aliondoa miiba kwa mikono yake, tukaenda kwa Makokha, Mayi Nekesa nyuma yetu. Mawingu yalikuwa bado hayajamwaga tone, na ng'ombe wa Makokha walihesabika mbavu. Mzee akamwambia shamba liko wazi. Makokha aliangalia kando. "Na udongo wa Bwana Samba utakura nini?"

Mayi Nekesa alikuwa amechoka na wanaume. "Makokha, ng'ombe wako wakikura kwetu, si wanye kwetu?"

Makokha akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika mti. Jioni ile ile alihamishia boma la ng'ombe wake kwenye shamba la Mzee Wafula. Ng'ombe walilala pale, na kila baada ya siku chache tulisogeza boma mpaka shamba lote likapata samadi na mkojo. Walikula majani na ncha laini, wakaacha mabua magumu. Tuliyakusanya pembeni, Makokha akalima, na mahindi yalipofika magotini tukayatandaza katikati ya mistari, tukaongeza nyasi za mtoni.

Mvua ilikatika kama kawaida yake. Mahindi ya pande zote yalijikunja. Ya Mzee Wafula nayo yalijikunja mchana, lakini jioni yalikunjuka. Sitawadanganya kwamba ghala lilifurika: tulikuwa tumechelewa kupanda, na mchwa walifuata mabua wakaangusha mistari ya ukingoni. Lakini nyumba ile ilikula mpaka msimu uliofuata. Bwana Kilimo akaniuliza nani alinifundisha kulaza ng'ombe shambani. Nikamwambia Mayi Nekesa. Akadhani namtania.

Nilihamishwa, kama nilivyoambiwa. Mzee Wafula alipofariki habari zilinifikia kwa kuchelewa, pamoja na habari kwamba Makokha alikuwa miongoni mwa waliombeba. Nililia, mtu mzima mimi.

Nilipostaafu nilipata shamba hapa Ndalu. Mwanangu alilizungushia seng'enge, kazi nzuri, imenyooka. Baada ya mavuno haya ng'ombe wa jirani walisimama nje wakiyatazama mabua.

"Baba, ukiwafungulia leo, hawatakoma," mwanangu akasema.

"Mimi sihamishwi tena," nikamjibu, nikaenda kufungua lango.

Jioni jirani alipokuja kuwachukua, nilimwambia awaache walale.