Mguu wa Jumapili

Hakuna aliyemtuma Mama Pindo kumkata mume wake kucha. Alianza mwenyewe, mwezi wa kwanza wa ndoa yao, na miaka ishirini na miwili ikapita akiendelea. Kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi mume anaketi kwenye kochi, yeye anavuta kigoda, anatandika taulo mapajani, na mguu wa bwana mkubwa unatua hapo kama mgeni aliyealikwa.

Alikuwa fundi cherehani. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana pindo lisilonyooka halikutoka dukani kwake. Angelifumua mbele ya macho yako na kukuambia urudi kesho. Kucha nazo alizikata kifundi. Kola ukitaka ilale vizuri, unapunguza kitambaa kwenye pembe kabla hujaigeuza. Basi naye kucha ya dole gumba la mumewe aliipunguza pembe, akachimba kwa ncha ya mkasi mdogo mpaka ikawa mviringo safi. Sugu za kisigino alizikwangua kwa wembe. Akimaliza aliuinua mguu kwenye mwanga wa dirisha, akautazama, akaridhika.

Mumewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamume wa kitambi, na wanafunzi walimwita Ukoko kwa sababu ukoko wa sufuria aliwagawia wale waliojua kumchekesha. Kutwa alisimama kwenye sakafu yenye maji, miguu ikiiva ndani ya mabuti ya mpira. Nyumbani hakuwa msemaji. Lakini mguu ukishapanda kwenye taulo, mdomo ulifunguka wenyewe: mkuu wa shule kasema hivi, mwanafunzi fulani kakutwa kalala stoo juu ya magunia ya maharage. Mama Pindo alizijua hadithi zote za jikoni lile, na alizipata katika robo saa hiyo tu. Ndiyo maana hakuwahi kulalamika kwamba kigoda kile kilimvunja mgongo.

Halafu Jumapili moja Ukoko akasema, "Leo acha, mke wangu. Bado fupi."

Jumapili ya pili nazo zilikuwa fupi. Ya tatu aliaga mapema, eti kuna hesabu ya vyombo shuleni. Mwanamke yeyote mwenye akili angeanza kujiuliza, na Mama Pindo akili alikuwa nazo mpaka za kugawia majirani. Akaona soksi nyeupe za pamba, jozi tatu, mpya. Akaona mume anazifua mwenyewe, yeye ambaye tangu aoe hakuwahi kufua hata leso. Akaona analala nazo.

"Siku hizi unalala na soksi?"

"Miguu inapata baridi."

Miguu ya nani? Hii hii iliyolala wazi miaka yote, ikimpiga mateke? Na ilikuwa inanukia dawa dawa, harufu safi isiyotoka katika nyumba yake. Tena kila Jumanne na Ijumaa bwana alichelewa saa nzima kurudi, na akirudi ana uso wa mtu aliyepumzishwa.

Jirani yake muuza mboga ndiye aliyemalizia kazi. "Shoga, mimi sisemi kitu," alianza, na ukimsikia akianza hivyo ujue atasema vyote. "Nimemwona mzee wako anaingia pale kituo cha afya, mlango wa bluu wa pembeni. Kuna mdada mmoja pale, mzuri kwelikweli. Kamshika mkono."

"Labda anaumwa."

"Anaumwa wapi! Walikuwa wanacheka."

Siku hiyo Mama Pindo alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa mwanafunzi. Akaufumua, na wivu ukamfanya aushone vilevile tena. Na tusimsingizie: hakuogopa kwamba kuna mtu angemtaka mume wake na kitambi kile. Alichokuwa anakiona akifumba macho ni mguu. Mguu wake, ule aliouhudumia tangu ukiwa wa kijana, umelala mapajani kwa mwingine. Kisigino chake mwenyewe kilimchoma kila asubuhi akishuka kitandani, hatua ya kwanza kama amekanyaga kokoto, lakini nani ana nafasi ya kisigino wakati anaibiwa?

Jumanne alifunga duka mapema, akajitanda mtandio mkubwa, akamfuata mumewe kwa mbali. Mlango wa bluu ulikuwa na kibao: Kliniki ya Miguu. Mama Pindo alikisoma mara mbili, na badala ya kutulia akazidi kuchemka. Kumbe wanaandika kabisa mlangoni!

Ndani palikuwa na benchi. Mlinzi mmoja alikuwa amevua viatu, akijikuna katikati ya vidole na kumweleza mama mwenye kinundu pembeni ya dole gumba kwamba fangasi hizi amezipaka kila kitu isipokuwa mafuta ya taa. Mama Pindo hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pazia, na nyuma ya pazia akaisikia sauti ya mume wake. Alikuwa anasimulia jinsi mkuu wa shule alivyoonja uji wa moto mbele ya wakaguzi na kuutema kwenye faili lao. Mwanamke alikuwa anacheka.

Hadithi hiyo Mama Pindo hakuwahi kuisikia.

Alichungulia pembeni mwa pazia. Daktari alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, ameketi kwenye kiti kifupi, taulo mapajani, na juu ya taulo mguu wa Ukoko. Alimwona akiondoa bandeji kwenye dole gumba taratibu. Mama Pindo alilishika pazia tayari kulivuta, na maneno aliyoyaandaa tangu Jumapili ya kwanza yalikuwa yamepanga foleni mdomoni.

"Baba," daktari akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha, "leo nataka uniambie ukweli. Nani anakukata kucha?"

"Najikata mwenyewe."

"Wiki iliyopita umeniambia hata kuinama kufunga kamba za viatu huwezi."

"Siku nyingine naweza."

"Sikiliza. Hizi pembe zimechimbwa. Kucha ikichimbwa hivyo inaota kwa kuingia nyamani. Mwingine angepiga kelele siku hiyohiyo, lakini wewe sukari imeshakula hisia za miguu, ukaja kwangu kidonda kikiwa na usaha. Ungechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa tunazungumza habari ya kukata kidole. Akirudia mara moja tu, tunaanza upya. Kwa hiyo niambie ni nani, nizungumze naye."

Ukoko aligeuzia uso ukutani. Kisha akasema, kwa ile sauti ya ukaidi ambayo mkewe aliijua, "Mwenyewe."

Mama Pindo alikuja kumfumania mume wake akidanganya, na kweli alikuwa anadanganya. Habari ya sukari aliijua. Alikuwa ameiondoa kwenye chai, akadhani mambo yameishia hapo. Sasa aliukumbuka mkasi wake mdogo, ncha yake, na jinsi alivyokuwa akiinua mguu kwenye mwanga na kujisifu. Hakuna aliyemwona pale. Angeweza kurudi nyumbani, akasema kucha kweli ni fupi, na mambo yakafa kimyakimya. Alilivuta pazia.

"Shikamoo, mama," daktari alimwahi.

"Marahaba," akaitika, ikabidi, na baada ya marahaba ugomvi ni vigumu kuuanza. "Ni mimi. Mimi ndiye ninayemkata."

"Mke wangu..."

"Nyamaza wewe!" Machozi yalikuwa yameshamwagika. "Kwa nini hukuniambia? Nimekuchimba kidonda, unakuja kumwonyesha mtu mwingine?"

Ukoko aliutazama mguu wake. "Ningekuambia, ungeushika tena? Nilitaka upone kwanza, halafu turudi Jumapili yetu. Usijue kabisa."

Daktari hakuwagombeza. Alimvutia Mama Pindo kiti, akatoa uzi mgumu wa nailoni, akamwambia Ukoko afumbe macho na aseme "naam" kila akiguswa. Akaugusa unyayo mahali sita. Mama Pindo, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya uzi, alisubiri ile naam kama anayesubiri jibu la mtihani. Haikuja hata moja.

Kisha akaonyeshwa. Kucha hukatwa moja kwa moja, pembe haziguswi. Wembe kwenye sugu ni marufuku kwa mguu kama huu. Kila siku atazamwe, katikati ya vidole na chini ya unyayo. Unyayo usipoonekana vizuri, kioo kiwekwe sakafuni. Miguu ikaushwe vizuri, na kabla ya kuvaa mabuti atie mkono ndani, asije akatembea na msumari kutwa nzima bila habari.

"Na nikiona kitu?"

"Kidonda hata kidogo, wekundu, joto, uvimbe, rangi inageuka nyeusi: unamleta siku hiyohiyo. Asiseme haumi. Kutokuuma ndiyo shida yenyewe. Na kucha, kwa sasa nitazikata mimi."

Akazikata palepale. Kilichomuuma Mama Pindo kuliko vyote ni kwamba alikata vizuri: ukingo ulinyooka kama pindo la sketi ya shule. Wivu ulirudi wote, umeketi naye kwenye kiti kimoja.

Mama Pindo alipoinuka, daktari akamtazama. "Mama, mbona unachechemea?"

"Umeshachukua miguu ya mzee, sasa unataka na yangu?"

Daktari alicheka. "Kisigino, siyo? Asubuhi ndiyo kali. Mzee kaniambia unashona: usikanyagie cherehani huo mguu kwa sasa, na uvae kiatu chenye soli laini. Wiki mbili zikipita bila nafuu, njoo, hata kama hunipendi."

"Nitakuja," alisema Mama Pindo. "Kukupenda bado."

Jumapili iliyofuata, baada ya chai, kigoda kilirudi mahali pake. Mkasi mdogo ulibaki kwenye droo ya cherehani. Alikuwa na kioo, na taulo kavu. Alimvua mumewe soksi, akaupakata mguu, akaushika kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Alitaka tu kuushika. Ukoko alikuwa ameegemea kochi, macho kafumba.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Mama Pindo aliitazama mikono yake, ilivyoubana ule unyayo. Hakujua ni Jumapili ngapi zilizopita alikuwa anaushika hivi na mwenyewe hana habari. Wazo likamjia, baya na tamu, kwamba basi hata mikono ya yule daktari mguu haukuisikia. Halikumfariji kwa muda mrefu. Akapandisha mkono polepole, akapita kisigino, akapita kifundo, akafika karibu na mfupa wa goti.

"Hapa je?"

"Hapo," alisema Ukoko, "hapo nakusikia."

Akauacha mkono palepale, na kwa mkono mwingine akachukua kioo.

"Haya," akasema. "Ile ya wakaguzi na uji. Ianze mwanzo."