Matabishi ya Kambo

Duka la Ba Chola pale Kashikishi lilinuka mchele, sabuni ya mche na samaki mkavu wa jirani, vyote kwa pamoja, na mpaka leo nikiipata harufu hiyo najiona mtoto tena. Hakukuwa na pakiti. Magunia yalisimama wazi, midomo imekunjwa, nami nilizamisha mkono kwenye maharage hadi begani, kule chini kwenye ubaridi, nikafumba macho kama niko ndani ya ziwa. Mama alinikemea, ila si sana, maana naye alikuwa akifanya vivyo hivyo kwenye mchele akidhani simwoni.

Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo, tukapewa shamba dogo Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Kambo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa amegoma kula. Akionja tonge moja, anasukuma sahani na kugeukia ukuta. Alikonda hadi nikaogopa kulala kando yake, nisije nikaamka akiwa hayupo.

Kwa Ba Chola huondoki bila matabishi, ile nyongeza ya bure juu ya kipimo. Ya kwetu niliichota mimi, konzi moja, kwenye gunia nilipendalo. Siku zote nilichota sukari, nikailamba njiani. Siku ile niliona maharage yenye michirizi myekundu, yaliyokuja na boti kutoka ng'ambo ya ziwa, sawasawa na yale aliyokuwa akilima Kambo kwetu. Nikachota hayo.

"Leo hautaki sukari?" Ba Chola aliuliza.

"Hapana. Hii ni ya Kambo."

Nilifika nyumbani ngumi imefungwa, vidole vimekufa ganzi. Kambo akaifungua taratibu, akayanusa. Mama alikuwa ameshabandika sufuria.

"Haiko ya kupika," Kambo akasema. "Iko mbegu."

Mvua zilikuwa zimeanza. Akachukua jembe, akatoka, akapanda yote. Aliporudi, mikono imejaa udongo, akaketi chini. "Bukari iko wapi? Niko na njala."

Mama alisonga ugali huku akilia, wala hakujificha.

Siku hizi nanunua maharage ya pakiti, yaliyopimwa na mashine, na hakuna wa kuniongezea hata punje. Yanalika, sikatai. Lakini nikipita Kashikishi sikosi kuingia kwa Ba Chola, ambaye kila mavuno Kambo humuuzia gunia la michirizi. Nazamisha mkono humo, nafumba macho, watu wanicheke wakitaka. Nikirudi nyumbani Kambo ananishika kiganja kabla hata ya salamu. "Matabishi yangu iko wapi?" Namletea sukari, naye anailamba yote.