Tulivyotoa nyara za baba sebuleni, mtaa mzima ukaja kwetu na kuni

Heshima kwenu wakuu.

Kuna mwenzetu humu wiki hii kauliza afanye nini na kichwa cha mbogo alichorithi kwa baba mkwe wake, maana mkewe hataki kukiona ndani. Mkamjibu kwa matani. Mmoja akamshauri amtoe mke abaki na mbogo.

Mimi jibu ninalo, ila ni refu kidogo. Na sitaongeza chumvi, kwa sababu mama yangu bado yupo na ana mjukuu anayemsomea mambo ya humu.

Kwetu ni Katubuka, Kigoma mjini. Baba ni Mhehe wa Iringa, aliletwa huku na serikali akiwa bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori. Akamuoa mama, Muha wa Manyovu, na Iringa ikabaki ya kwenda kuzika tu.

Alipostaafu akatundika sebuleni vitu vitatu alivyovipenda kuliko sisi wanawe. Kichwa cha mbogo. Kichwa cha tandala chenye mapembe marefu ya kujisokota. Na mamba mzima wa mto Malagarasi, aliyekaushwa na kujazwa ndani, urefu wake kama mtoto wa darasa la pili.

Vyote vilikuwa halali na vibali vyake. Mgeni alikuwa hapewi chai kabla ya kusimuliwa kila mmoja aliangushwa vipi. Mama akiwafuta vumbi ananung'unika kwamba ameolewa na pori.

Sisi tulishazoea.

Halafu vita vya Burundi vikaja, miaka ile ya tisini. Watu wa Kigoma mnakumbuka, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kutoka ng'ambo. Kwetu alikuja mdogo wake mama, mama mdogo Spesioza, aliyekuwa ameolewa huko. Alifika na watoto wake wawili wadogo, bila mume. Habari za mume hatukuzipata tena.

Nyumba ilikuwa imejaa, nafasi iliyobaki ni sebuleni. Chini ya mamba.

Wale watoto wakagoma kuingia humo hata mchana. Chakula wanakula barazani, usiku na mvua ikinyesha wanahamia jikoni. Mama mdogo naye alikuwa hatoki nje ya uzio. Jirani akimsalimia "mwakeye" anaitikia akitazama chini. Na majirani, tuseme ukweli, walikuwa wamechoka na wageni kipindi kile, hawakumsumbua kwa maneno mengi.

Mwisho akasema atakwenda kambini, kule njia ya Kasulu. Mama akadhani tatizo ni mamba.

"Ego, ndiyo, na mamba yumo," mama mdogo akasema. "Lakini dada, hapa nina wewe tu. Wewe ukiondoka, nani ananijua mimi?"

Mama hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Na kambini wakati ule watu walikuwa wanaugua sana. Aliona kabisa kwamba akimwachia, hatamwona tena.

Sasa maneno ya mtu huwezi kuyaondoa ukutani. Mamba unaweza. Mama akamgeukia baba, akamwambia achague, mamba na wenzake wawili, au mdogo wake.

Baba siku hiyo hakumsimulia mtu yeyote chochote. Tukajua limemwingia.

Hapo ndipo utaona ugumu wa hivi vitu, wakuu. Ukitupa ziwani, mvuvi atakutana na kichwa cha mbogo kwenye wavu wake wa dagaa. Ukizika uani, hii ni Kigoma, mtu akikuona unafukia kichwa cha mnyama inabidi uhame wewe na ukoo wako. Kuuza ndiyo usithubutu, ni kesi. Kulikuwa na hoteli moja mjini, baba akawapelekea wazo. Wakasema wateja wao siku hizi ni wazungu wa mashirika ya wakimbizi, hawapendi kula samaki huku mbogo anawatazama.

Baba akarudi ofisini kwake kwa zamani. Kijana aliyemkuta pale, mtu wa Tabora, akampa shikamoo na ushauri: tafuta taasisi, sisi tutahamisha vibali. Shule moja ya sekondari ikakubali haraka. Mwalimu wa Biology nusura aje kuvichukua mgongoni. Ikapangwa Jumamosi asubuhi tuvipeleke, afisa atusubiri hukohuko shuleni.

Kosa lilianzia kwa mama.

Alisema majirani wasione vichwa vinatoka ndani, watatuzushia. Akatoa mashuka meupe. Mbogo akawekwa chini kabisa kwenye mkokoteni, ndani ya gunia. Mamba akaviringishwa shuka lake, tandala na mapembe yake shuka lake, tukafunga kamba huku na huku. Juu tukafunika mkeka, ila haukutosha.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi bandarini, nina nguvu zangu, nikavuta. Baba akaniambia niende polepole mapembe yasivunjike. Yeye akafuata nyuma, kofia mkononi, kichwa chini, macho mekundu. Alikuwa analia kweli. Alimpenda sana yule tandala.

Sasa wewe jifanye uko barazani kwako. Unajua nyumba ile ina watoto wawili wa mkimbizi ambao hawatoki nje ya uzio. Unaona mkokoteni, mkeka, na vitu viwili vya kimo cha mtoto ndani ya mashuka meupe, na mzee analia nyuma.

Fundi cherehani akasimamisha mashine. Waliokuwa kwenye bao wakasimama. Mzee Hamisi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja akashika mkokoteni upande wa kushoto bila neno. Wengine wakafuata, mpaka mimi nikawa sivuti tena, natembea tu. Nikasema moyoni watu wa Katubuka wana roho nzuri, wanasaidia hata mizigo. Baba aliniambia baadaye kwamba yeye alidhani wanamuenzi kwa utumishi wake.

Kwenye njia panda Mzee Hamisi akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mbona tunashika njia ya mjini? Makaburi si huku?"

"Makaburi ya nini?" baba akasema.

Mkeka ukainuliwa, shuka likafunguliwa. Vijana wawili walikimbia na sikuwaona tena siku ile. Mzee Hamisi alikaa chini barabarani akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla.

"Jamani, wanawake wameshakwenda kwako."

Wakanipokea mkokoteni, nikarudi mbio nyumbani.

Uani kulikuwa kumejaa. Kuni zimerundikwa, sufuria kubwa zimeletwa, unga, samaki wa migebuka, na mtu keshaleta turubai. Wanawake walikuwa wameingia wakilia, wakawakuta watoto wazima wanakula maandazi. Kilio hakizimwi kama redio, kwa hiyo wengine walikuwa wanaendelea kujifuta machozi huku wanacheka.

Mama Zuhura, yule mpika maandazi wa kona, alikuwa amempakata yule mtoto mdogo na hataki kumshusha. Anamwita kwa jina lake, Niyonkuru, anamwambia umenitisha mwanangu.

Mama mdogo akamuuliza, "Jina lake umelijulia wapi?"

"Si unawaita kila asubuhi waje waoge? Sisi tuna masikio. Tulikuwa tunangoja utoke tu."

Mama mdogo alijifunika uso na khanga, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu afike. Wenzake wakamzunguka wakimpa pole, "mwihangane, mwihangane," kana kwamba msiba umetokea kweli. Na kiukweli ulikuwa umetokea, ila huko alikotoka, na hakuna aliyewahi kukaa naye mkekani.

Kuni za msiba hazirudishwi, kwa hiyo tulipika. Baba aliporudi kutoka shuleni akakuta uwanja umejaa watu. Akawasimulia mamba mwanzo mpaka mwisho, nadhani ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote tangu astaafu.

Jioni ile mama mdogo alifungua mzigo aliokuwa ameufunga wa kwenda kambini, akafua nguo zote.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: nenda ofisi ya wanyamapori na kibali chako, tafuta shule, makabidhiano yawe kwa maandishi. Na siku ya kusafirisha, acha mbogo aonekane.

Wengine wenye vitu hivi nyumbani leteni yenu, nitasoma yote. Leo tu nitachelewa kujibu, kuna msiba mtaa wa pili hapa Katubuka. Mama mdogo keshatangulia, na kuni kichwani.