Kichwa cha Tano Chini ya Picha

Kwa masikitiko makubwa, ukoo wa wacheza gemu wa mji wa Kisii unatangaza kifo cha sehemu ya juu na sehemu ya chini ya televisheni ya Mzee Natwarlal. Marehemu hao wawili, weusi tititi, wameacha katikati yao picha iliyobanwa kama andazi lililokaliwa. Mazishi yatatangazwa fundi akipatikana.

Hivyo ndivyo Ogari, mmoja wa wachezaji, alivyotangaza, akiiga sauti ya redio, siku mashine ya gemu kutoka Uingereza ilipowashwa nyuma ya duka la vitambaa la mzee huyo mwaka wa 1996. Aliyecheka zaidi alikuwa Heena, mke wa Natwarlal. Alikaa mwisho wa benchi, ushungi wa sari kichwani, akimenya njegere kwenye sinia, na kila aliyepigwa kwenye mchezo alipata pole yake ya uongo: "Pole, kijana. Rudi nyumbani, nyonya."

Benchi lenyewe lilichongwa na seremala wa Mosocho likae watu watano: wachezaji wanne na Heena na sinia lake. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua Heena. Wachezaji wakatanua mapaja, wanne wakalijaza benchi. Watoto wa Natwarlal walimpigia simu kutoka Leicester ahamie kwao. Akawaambia ana shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa kupima vitambaa huku akisikiliza matusi ya wachezaji nyuma ya pazia. Yalipokoma, alifunga duka mbiombio, kama mtu anayefukuzwa na ukimya.

Alasiri moja, mvua ile ya kila siku ikipiga mabati, Ogari aliacha kubonyeza. Jamaa wake kwenye gemu akala kichapo bila kujitetea.

"Manze, tuko wangapi hapa?"

"Wanne. Hata hesabu ya nasari imekushinda?" alicheka Mogire, aliyekaa karibu naye.

"Basi angalia chini ya picha."

Kwenye ule weusi wa chini kioo kilikuwa kinawarudishia sura zao, vichwa vinne vya samawati. Kando ya Ogari, pale palipokuwa na ukuta tu, palikuwa na cha tano. Kilikuwa na ushungi. Kilikuwa kimeinama, kama mtu aliyesimama akingoja apishwe.

Mabingwa wanne, waliozoea kuua watu mia kabla ya chai, walitoka mkuku. Mogire alipita na pazia shingoni hadi barabarani.

Tangu hapo nyuma ya duka pakawa kimya. Natwarlal alikata kitambaa kimoja mara mbili, akakosea mara zote mbili. Mwishowe akamwita Nyangau, fundi wa televisheni. Habari zikaenea, na akina Ogari wakaja kuchungulia mlangoni, tayari kurudi weusi ukiondoka.

"Mashine ya Ulaya huleta picha fupi, Mzee," Nyangau alisema, mkono wake ukiwa nyuma ya televisheni. "Nikizungusha hii skrubu, picha itavutika ijaze kioo. Weusi utakwisha."

"Na watu ya ndani ya gemu?"

"Watakuwa warefu kama mikaratusi. Lakini hakuna atakayejiona tena hapo chini."

Akazungusha. Picha ikateremka, na weusi ukaanza kupungua. Ndani yake kile kichwa chenye ushungi kiliinama, kikazidi kuinama, kama mtu anayesukumiwa chini ya mlango.

"Wacha," alisema Natwarlal.

"Bado kidogo tu, Mzee, tumalizane na—"

"Rudisha."

Skrubu ikarudi. Weusi ukapanda. Kichwa kikainuka polepole, na katika ule ukimya kila mtu akasikia kitu kidogo kikidondoka kwenye sinia. Tik. Kisha kingine. Chumbani hamkuwa na sinia.

Nyangau alikusanya bisibisi zake bila kudai hata soda. Pale mlangoni hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia, wala wa kwanza kukimbia. Natwarlal aliwatazama mmoja mmoja.

"Mzee," Ogari alinong'ona, "tukirudi kucheza, huyo... anataka nini kwetu?"

Natwarlal alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akajibu kama anayetaja bei ya lesi:

"Benchi ni ya watu tano. Songeni."