Usukani wa Absalom Wandera

Absalom Wandera Odeny, mwana wa Odeny aliyeendesha trekta ya miwa miaka ishirini na sita bila kuilaza mtaroni, mjukuu wa Wechuli aliyepeleka samaki Awasi kwa baiskeli isiyo na breki, ndiye mdogo wangu tuliyefuatana naye. Mwaka wa El Nino, maji yalipofunika barabara, alivusha wajawazito watatu kwa lori la barafu, dirisha wazi ili asikilize matairi. Nayasema haya kwa sababu siku hizi watu wa mtaa wetu wa Migosi wanamwona ameketi kibarazani na mkongojo, wanadhani alizaliwa hivyo.

Kiharusi kilimshika mwaka juzi, upande wa kushoto. Daktari akamkataza gari, na chakula kikamshinda. Ndipo binti yake Debra akaja na habari ya mchezo wa mbio za magari wa kompyuta: unakaa nyumbani kwenye kiti, barabara iko kwenye skrini, usukani uko mikononi mwako. Kiti akanunua, skrini akanunua. Usukani akasema baba achague mwenyewe, kwani nani anaujua kumshinda? Siku hiyo ndugu yangu alinyoa ndevu bila kuambiwa.

Tulikwenda kwa Navdeep, mwenye duka la kompyuta mjini. Babu yake Tarlochan ndiye aliyekuwa akituchomelea chesisi za malori. Navdeep alikuwa amefunga sukani mbili mezani. Zote mbili zimeungwa moja kwa moja na mota, hakuna mkanda wala gia katikati, kwa hiyo kila shimo la barabara linafika mkononi. Mmoja ulikuwa mdogo. Mwingine ulikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili.

Absalom alianza na mdogo. Akapiga kona mbili, akauachilia.

"Huu unanidanganya, Navdeep. Hii ni barabara ama ni godoro?"

"Mzee, wengi wanaanza na huo. Huu mkubwa unarusha mkono."

"Mimi nimeendesha lori lisilo na pawa steringi, baba yako akiwa bado ananyonya."

Navdeep akacheka. "Sawa, Mzee. Lakini wacha nipunguze nguvu kwanza."

"Usipunguze."

Madereva wa zamani hushika usukani vidole gumba vikiwa juu ya duara, si ndani, maana tairi likigonga jiwe usukani hugeuka na gumba lako. Absalom alimfundisha hivyo Debra na kila turnboy, utingo wa lori, aliyepitia kwake. Sasa, akiwa ameshika ule mkubwa, nikaona gumba lake la kushoto limeingia ndani. Yeye hakujua. Tangu ugonjwa, mkono ule haumwambii uko wapi.

Nikafungua mdomo. Lakini kwetu, tangu enzi za Odeny, dereva akiwa kwenye kona hasemeshwi. Na nimwambie nini mbele ya watu, kwamba amepoteza kidole chake mwenyewe? Nikanyamaza. Hilo ni langu, sitamsingizia mtu.

Kwenye skrini gari likapanda ukingo. Usukani ukaruka. Nilisikia mfupa. Navdeep akapiga swichi nyekundu, Debra akashika mdomo.

Ndugu yangu akatugeukia, uso mtulivu kabisa. "Mbona mmezima? Nilikuwa nairudisha." Halafu, "Debra, mnaangalia nini?"

Hapo ndipo alipotazama chini.

Hospitalini walimfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Nyumbani tulikaa naye, chai ikapoa. Debra alikuwa amelia akamaliza.

"Baba, tuchukue ule mdogo."

"Ule hauna barabara ndani."

"Basi tuache tu."

Nikamwambia ndugu yangu, "Wuod baba, mwana wa baba, niliona gumba lako. Ningesema."

"Ungesema, ningekukasirikia," akanijibu. "Na mfupa ungevunjika tu siku nyingine." Akautazama ule mkono kama wa mgeni aliyekalia kiti chake. "Nilidhani kilichopungua ni gari tu."

Mwishowe akamwita binti yake karibu.

"Mwambie Navdeep tunachukua mkubwa, apunguze mpaka nusu. Utaushika wewe."

"Mimi, Baba? Sijui hata kubadilisha gia vizuri."

"Nitakaa kando yako. Kila tairi likigusa kitu, uniambie mikono yako imesikia nini. Usiniambie imetikisika. Niambie ni kokoto, ama ni matope, ama nyuma inaanza kuteleza. Polepole, neno kwa neno, mpaka nielewe. Anza Jumamosi."