Klachi ya Kirikuu Chenye Supa

Ukitaka kuelewa kwa nini niligombana na fundi wangu, na kaka yangu pia, weka kiganja chako cha kulia juu ya cha kushoto, uvibane, kisha uzungushe mkono mmoja. Mwingine utafuata. Kiganja kimoja ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Cha pili ni pleti ya klachi, ambayo inapeleka ule mzunguko kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, viganja vinaachana. Ukiiachia polepole vinasuguana kwanza, halafu vinashikana. Klachi inalika wakati wa kusuguana. Ukishaelewa hapo, mengine yote ni rahisi, usiogope.

Mimi nabeba maziwa. Kila asubuhi nakusanya kwa wafugaji wa Kawetele kwa kirikuu changu, kile kigari kidogo cha mizigo, nayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mjini Tukuyu. Injini ya kwanza ya kirikuu hicho ilikuwa dhaifu. Keni za maziwa zikijaa kilipanda mlima kwa gia ya kwanza tu, kikilia kama kinaomba msamaha. Ilipokufa nilifunga injini nyingine iliyotumika, ya aina ileile ila yenye supachaja, ambayo mafundi wetu wanaiita supa. Supa ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, inasukumia hewa ndani kwa nguvu. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka, na nguvu inaongezeka. Uzuri wake ni kwamba nguvu hiyo inakuja mapema, hata injini ikizunguka taratibu. Kwa mtu wa milimani hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba injini ilipobadilishwa, klachi na flaiwili vilibaki vilevile vya injini dhaifu. Baada ya muda nikaanza kuona jambo ambalo na wewe unaweza kulijaribu kwenye gari lako. Panda mlima kwa gia ya tatu, kanyaga mafuta. Injini ikipandisha sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Yangu iliteleza, ikanuka, na asubuhi mbili nikafika kituoni nimechelewa. Msimamizi wa kituo, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliniambia bila kuinua macho kwenye kipimo chake, "Ukichelewa tena, Kawetele nampa mwenye lori. Amekwisha kuja kuomba."

Njia ile ndiyo kazi yangu. Niliianza kwa baiskeli. Nikatoka pale moja kwa moja hadi gereji, Makandana.

Fundi wangu ni mtu wa makamo, mcheshi, babu yake alikuja huku kutoka pwani kufanya biashara ya nguo. Alishusha klachi, akaniwekea pleti mkononi. Ilikuwa imeungua hadi ikang'aa.

"Hii umeichoma mwenyewe, dada," alisema. "Unabalansi mno gari kwa klachi mlimani. Unasimama wapi pale Kawetele?"

Nilimwambia. Katikati ya mteremko ninaoupanda kule kuna njia ya miguu inayoshuka kutoka migombani, na hapo anasimama bibi mmoja na ndoo yake, pamoja na majirani zake. Pengine pa kusimama hapana. Breki ya mkono naivuta, usidhani nimeisahau, lakini keni zikijaa kirikuu kinarudi kidogokidogo nyuma, kwa hiyo klachi lazima isaidie. Halafu kuna salamu. Bibi ananiuliza nimelalaje, nyumbani wamelalaje, mama yangu mgongo unaendeleaje. Na mimi nauliza ya kwake, mpaka ya ng'ombe. Kwetu mtu mzima hasalimiwi na mtu anayepita. Nikiwa kwa miguu ningepiga magoti. Ndani ya gari siwezi, basi angalau nasimama na kuinamisha kichwa.

"Kwa hiyo klachi inakufa kwa ajili ya salamu," fundi alisema.

"Inakufa kwa sababu ni ndogo."

"Pakia maziwa, piga honi, punga mkono, ondoka."

"Nimpigie honi bibi yule? Wewe mama yako unampigia honi?"

Alicheka. Ndipo kaka yangu akaingia, maana duka lake la saruji liko jirani na habari za gereji zinamfikia kabla ya harufu. Ni mkubwa wangu, na tangu tukiwa watoto anazungumza kama mtu anayefunga mkutano.

"Toa hiyo supa," alisema. "Rudisha injini ya kawaida, au uza kabisa. Kirikuu chenye supa ni sawa na mbuzi kuvaa viatu."

"Mbuzi wangu anapanda mlima, kaka. Wewe pikapu yako tuliisukuma juzi."

"Ilikuwa imeisha mafuta."

"Ndiyo, mlimani huwa zinaisha."

Fundi alikuwa na wazo jingine. Aliniletea boksi lenye klachi ya magari ya mashindano. Pleti yake haikuwa na kitambaa kile cha kawaida, ilikuwa na vipande vichache vya madini ya shaba, na springi zake ngumu kweli. Pamoja nayo kulikuwa na flaiwili nyepesi, imetobolewatobolewa kama chujio. "Hii haitelezi mpaka Yesu arudi," alisema, na yeye ni Mwislamu. Hata kaka alivutiwa. Akasema kama nimekataa kutoa supa, basi nifunge hiyo, ndiyo ya wanaume.

Sikuwabishia kwa maneno. Pale gereji kulikuwa na gari la mteja lenye klachi ya namna hiyo, nikaomba nilijaribu kwenye kile kilima kidogo cha nyuma. Pedali ilikuwa kama kusukuma mlango ambao mtu ameushikilia kwa ndani. Nilipoachia, hakukuwa na kusuguana hata kidogo. Ilishika ghafla, gari likaruka, likazima. Nikaliwasha, likaruka, likazima. Kaka akasema mimi sijui. Nikampa ufunguo. Likamzimikia mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu akashuka akisema gari lina kasoro.

Halikuwa na kasoro. Klachi ile imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeondoka mara moja kwa kasi, asiyemsalimia mtu yeyote njiani. Na flaiwili nyepesi ina kazi yake pia. Fikiria mashine ya kusaga mahindi, lile gurudumu lake kubwa. Kulianzisha ni shida, lakini likishazunguka linabeba mashine hata punje zikizidi. Ungeweka gurudumu jepesi, mashine ingekimbia upesi na kufa upesi kila unapomimina debe. Flaiwili nyepesi inafaa mbio. Ukiwa umejaza maziwa mteremkoni, kwenye utelezi, unataka nzito ikubebe wakati klachi inashika.

"Basi unataka nini?" fundi aliuliza, safari hii bila mzaha.

Nilimwambia nataka klachi na flaiwili vya injini hiihii yenye supa, kama ilivyotoka kiwandani. Ni vipana kuliko vya zamani. Pleti pana ina eneo kubwa la kushikia, kwa hiyo haihitaji springi za kuvunja goti. Akasema havipatikani. Nikamwambia injini yenyewe ilitoka kwa mtu, na mtu huyo hakuitoa ikiwa imesimama hewani, ilikuwa na flaiwili yake.

"Utapoteza njia yako kwa ubishi," kaka alisema.

"Nikifunga hiyo ya mashindano nitaipoteza kwa kuzimika mlimani. Afadhali ubishi."

Fundi alirudishia ile iliyoungua ili nisisimame. Siku zile nilibeba nusu mzigo na kurudi tena, nikitoka nyumbani mapema kuliko jogoo, na sikuchelewa. Yule aliyeniuzia injini, wa Mbeya, akapatikana, na flaiwili ilikuwepo, imelala chini ya lundo la rejeta. Ilikuwa na mikwaruzo, tukaipeleka kukerezwa mpaka uso wake ukawa sawa. Hilo usiliruke kamwe, pleti mpya juu ya flaiwili yenye makovu ni fedha umeitupa. Pleti, kifuniko chake cha springi na beringi nilinunua vipya. Fundi alifunga vyote akinung'unika, akafunga vizuri. Nikakiendesha taratibu kwanza, bila mzigo mzito, ili pleti na chuma vizoeane.

Siku ya kwanza ya mzigo kamili ilinyesha, kama kawaida yetu. Nilimpitia kaka nyumbani kwake nikamwambia apande. Alipanda akiwa na mwavuli, nadhani kwa ajili ya kushuka.

Pale mteremkoni bibi alikuwa amesimama, kanga kichwani. Majirani zake wakamimina maziwa yao nyuma, keni ya mwisho ikajaa. Nikavuta breki, nikashikilia klachi kidogo tu, nikainamisha kichwa.

"Ugonile, mwanangu," akaniuliza kwa lugha yetu nimelalaje.

"Ndaga, bibi. Mugonile." Nikashukuru, nami nikamuuliza amelalaje.

Akauliza ya mama. Nikajibu. Nikauliza ya ng'ombe, akasema amezaa dume tena, mwaka huu anamkomoa.

"Twende," kaka alinong'ona, mkono kwenye mlango.

"Umemsalimia?"

Akasalimia. Bibi akamkumbuka, akamuuliza watoto wake mmoja mmoja, naye ana watoto wengi. Nilimwacha ajibu wote. Kisha nikaachia pedali taratibu, nikasikia ule msuguano mfupi chini ya mguu, laini, halafu kirikuu kikaondoka na mzigo wake wote kwenye tope bila kurudi nyuma hata unyayo. Nikabadili gia, supa ikaanza kuimba. Hakukuwa na harufu. Kaka alitazama dirishani mpaka mjini.

Kituoni tulikuta foleni haijaanza. Msimamizi akapima keni moja baada ya nyingine, akaandika, akanitazama.

"Leo umewahi."

"Na kesho. Mwenye lori amepata njia nyingine?"

"Bado anasubiri."

"Mwambie Kawetele ina mtu. Na kule Kisiba, kama bado hakuna anayekwenda, naomba mimi."

Akachungulia nje, kwenye mvua, kirikuu kilipoegeshwa. "Kwa hicho?"

"Kwa hicho hicho."

Kaka alikuwa ameshafungua mwavuli. Nilimwita aje anisaidie kurudisha keni tupu ndani ya kirikuu.