Chatu Aliyenenepa Tukimngoja Baba

Rafiki yangu, juma lililopita nilipita mtaa wa Katuba, nikasimama mbele ya uwanja wetu wa zamani, pale tulipoishi. Pale palipokuwa jiko la nkambo, mama yake baba, sasa pana duka la simu. Harufu ya bukari, ugali wetu, ikanijia kutoka nyumba ya pili, na mara nikawa na miaka kumi tena.

Mwaka ule baba alikuwa ameenda kwenye migodi ya Kambove kuchimba. Aliniachia chatu wake, ambaye alimwokota akiwa mwembamba kama mkanda, watu walipokuwa wakichoma majani. Alikaa ndani ya sanduku la mbao lenye wavu. "Umulinde muzuri," baba aliniambia. "Asisikie njaa."

Nikayashika maneno yale kama amri za kanisani. Baba alituma habari mara mbili, kisha kimya. Kila juma lililopita bila habari, nilimlisha chatu. Panya mmoja wa Jumamosi wakawa wawili, halafu nikaongeza na vifaranga. Nilijiambia: huyu akiendelea kula, baba yuko hai.

Mvua zilipokwisha, hakuwa tena nyoka, alikuwa gunia. Akijikunja, ngozi ilionekana kati ya magamba, na pumzi yake ilipiga mluzi. Mwalimu mmoja wa biolojia, jirani yetu, alikuja, akamgusa, akatikisa kichwa.

"Mafuta inamubana moyo. Nyoka hakulake kila siku sawa muntu. Panya moja mudogo, kiisha unangoja juma ine, mwezi muzima. Na umupime."

Basi kila Jumapili, tukitoka misa, mimi na nkambo tulimtia ndani ya gunia na kumpeleka kwa jirani, muuza unga kutoka Kivu. Alituachia mizani yake tupime, akageuza uso kwa hofu ya nyoka na kusali. Nami nilichora alama ukutani kwa makala. Juma la kwanza, la pili, la tatu: alama zilipanda tu. Na mimi sikuwa nimempa kitu! Nililia, nikafunga na kuomba, nikamsukuma atambae uani. Hakusogea.

Asubuhi moja nikamkuta nkambo amepiga magoti mbele ya sanduku, kifaranga mkononi.

"Nkambo! Utamuua!"

Hakugeuka. "Na baba yako akirudia, akute nyoka yake imekonda? Atasema mama yake alichoka kumungoja."

Nilikuwa nimedhani wazimu ule ni wangu peke yangu. Nikamshika mkono, tukamrudisha kifaranga kwa mama yake.

Tangu siku hiyo tulishika mpango pamoja, na alama zikaanza kushuka, kidogo kidogo. Lakini baridi ya mwezi wa saba ilimkuta chatu moyo wake umechoka. Nilipomgusa alfajiri, alikuwa wa baridi kama bati.

Nkambo aliketi vumbini, akakiweka kile kichwa mapajani, akalia kilio cha msiba, huku akiita jina la baba. Majirani wakaja mbio. Hakuna aliyecheka. Walitusaidia kumzika chatu uani, wakakaa nasi siku tatu, wakapika, wakaimba, kama wanavyomlilia mtu.

Leo nkambo hayupo, na muuza unga alirudi kwao. Tuliulizia sana, lakini Kambove haikutujibu kamwe. Mtu akiniuliza baba amezikwa wapi, nababaika, maana kaburi pekee ambako tulimlilia ni lile la nyoka, na sasa sijui liko chini ya chumba cha nani.